Maswali ya Wasomaji: Mbu na Sisimizi Barazani

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Nyuma ya nyumba tuna kibaraza cha kupumzikia. Nimekizungushia vyungu vinne vya mchaichai, lakini ikifika saa kumi alasiri mbu wanatuuma vifundoni bila huruma. Ni weusi, wana mabaka meupe miguuni. Kwani mchaichai si dawa ya mbu? – Mama wa Mbagala, Dar es Salaam

JIBU: Njema, mama. Harufu inayomkera mbu imefungika ndani ya jani la mchaichai na haitoki vya kutosha mpaka jani lipondwe. Mche uliotulia chunguni haukusaidii kitu. Kivumbasi kina nafuu: katika majaribio ya magharibi mwa Kenya yaliyochapishwa mwaka 2002, vyungu vya kivumbasi kibichi vilipunguza mbu kwa karibu asilimia 40. Lakini vile vilikuwa vibanda vya majaribio na mbu wa malaria. Uani kwako upepo unaipeperusha harufu, na mbu wako ni mwingine.

Huyo mwenye mabaka ni Aedes, anayeeneza homa ya dengue iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Huuma mchana, hasa asubuhi na kuanzia alasiri hadi magharibi, na hazaliwi mbali na anapouma. Hebu inua chungu kimoja utazame kisahani chake. Kama maji yamekaa siku kadhaa, utaona viluwiluwi vimening'inia vichwa chini, mikia ikigusa uso wa maji. Gonga kisahani, vyote vitazama vikijinyonganyonga. Juu kidogo ya mstari wa maji angalia vidoa vyeusi vidogo kama pilipili manga iliyosagwa. Hayo ndiyo mayai.

Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanamwaga maji, wanakirudisha kisahani. Mayai yamegandia ukingoni, hustahimili ukavu kwa miezi, na maji yakirudi yanaanguliwa. Kwa hiyo kisugue kwa brashi ngumu na sabuni, kisha kijaze mchanga mpaka juu. Maji ya kumwagilia yatanywea mchangani, yasibaki wazi. Rudia ukaguzi kila wiki bila kuruka, maana kwenye joto la pwani yai huwa mbu anayeruka kwa siku 7 hadi 10 hivi. Zunguka pia kwenye matairi, vifuu vya nazi, makopo, na mfereji wa bati ulioziba majani. Pipa la maji lifunike kwa kitambaa cha chandarua kisichotoboka, ukikaze kwa mpira wa tairi la baiskeli. Kikilegea katikati kikagusa maji, mbu atataga juu yake.

Waliokwisha kuruka wataendelea kuwauma wiki mbili tatu, msikate tamaa. Wekeni feni sakafuni, upepo upige usawa wa magoti, kwa kuwa mbu ni mrukaji dhaifu. Mafuta ya kupaka: matone 10 ya mafuta ya mchaichai ndani ya vijiko 2 vya chakula vya mafuta ya nazi. Hayadumu, rudieni kila baada ya saa moja, na msimpake mtoto mchanga wala mtu yeyote usoni. Mkizidisha matone, ngozi itawasha.

SWALI: Sisi mbu wetu wanakuja usiku, wengi, wa rangi ya kahawia. Tunachoma majani ya mwarobaini kila siku, moshi ukiisha wanarudi. – Msomaji, Tanga

JIBU: Hao wanaelekea kuwa Culex, wanaopenda maji machafu. Moshi unawafukuza kwa muda na unaumiza vifua vyenu, hasa vya watoto, hivyo tunawasihi muache kuuchoma kila siku. Chunguzeni karo na choo cha shimo. Bomba la hewa lifungwe wavu wa matundu yasiyozidi milimita 1.5, nyufa za mfuniko zizibwe kwa saruji ndoo 1 na mchanga ndoo 3. Kama shimo lina maji, kuna njia iliyofanya kazi vizuri sana Makunduchi, Zanzibar, mwishoni mwa miaka ya 1980: kumwaga vipunje vyeupe vya foromu, vile vinavyojazwa kwenye mito, mpaka vifunike uso wa maji kwa unene wa sentimita 1. Viluwiluwi vinakosa hewa, na mbu hapati pa kutagia. Msitumie kwenye shimo linalofurika mvua ikinyesha, vitatapakaa mtaani. Na gari la kunyonya likija, litaondoka navyo, itabidi muweke vingine.

SWALI: Sisimizi wanapanda meza yetu ya nje. Majivu tumemwaga, wapi! – Baba wa Kibaha

JIBU: Majivu huzuia yakiwa makavu tu, umande mmoja yameshashikana, wanapita juu yake. Futa kwanza njia yao kwa siki na maji, nusu kwa nusu, kwa sababu wanafuata harufu waliyoachiana. Kisha kila mguu wa meza usimame ndani ya kopo lenye maji kina cha vidole viwili na matone machache ya sabuni ya maji. Bila sabuni, sisimizi mwepesi anaweza kuelea na kuvuka. Meza isiguse ukuta wala tawi. Na badilisha maji kila siku ya tatu huku ukisugua kopo, la sivyo utakuwa umewafugia mbu wale wa Mbagala.