Visukuku kwenye mawe ya sakafuni: niliyojifunza kwa kukosea

Nilipoanza, nilimaliza wiki nzima nimebandika lenzi kwenye kuta za matale. Kazi bure: matale ni mwamba ulioyeyuka kisha ukaganda, hayana kisukuku hata kimoja, yaani mabaki ya kiumbe wa kale yaliyogeuka jiwe. Tafuta jiwe la chokaa. Na jina "marumaru" lisikubabaishe, maana wauzaji huliita hivyo karibu kila jiwe la chokaa linaloshika mng'aro. Marumaru halisi imepikwa na kukandamizwa ardhini hadi viumbe vyake kwa kawaida vimefutika.

Sasa kwenye ugumu wenyewe. Humwoni mnyama, unaona pale msumeno ulipompitia. Kata karoti mshazari, kisha kata nyingine kwa urefu, uone zinavyotofautiana. Beleminiti, jamaa wa kale wa ngisi, akipasuliwa kwa urefu anafanana na risasi. Akikatwa kukingama anabaki kiduara chenye mistari inayotawanyika kutoka katikati, kama spoki za baiskeli. Mimi daftarini niliandika viumbe wawili tofauti, tena kwenye kigae kimoja!

Ukiona umbo lililojizungusha, usikimbilie kusema amoniti, jamaa mwingine wa kale wa ngisi, mwenye gamba la kujizungusha. Tafuta kuta nyembamba zinazogawa vyumba. Konokono kwa kawaida hana. Anza na mizunguko ya ndani, kwa sababu chumba cha mwisho, alimokuwa akiishi amoniti mwenyewe, hakina kuta na kitakudanganya. Mawe ya Jura kutoka Bavaria, Ujerumani, yanafaa sana kwa mazoezi haya: amoniti, beleminiti na sifongo humo wamejaa. Ile "marumaru" ya Purbeck iliyotumika kwenye makanisa makuu ya Uingereza ni chokaa iliyosheheni konokono wa maji baridi.

Vidude vya duara vyenye tundu katikati, mfano wa shanga, mara nyingi ni vipingili vya shina la krinoidi, ndugu wa kiti cha pweza. Vile vitawi vyeusi vinavyopendeza kama mmea si mmea. Ni madini ya manganizi yaliyopenya kwenye nyufa. Mstari wa menomeno kama grafu ya mapigo ya moyo nao ni mshono tu, pale jiwe lilipomumunyika kwa mgandamizo.

Pitisha kitambaa chenye unyevu, rangi zitajitokeza. Weka sarafu kando kabla ya kupiga picha. Asidi ya kupimia chokaa iache nyumbani, inaharibu mng'aro. Na mwambie mlinzi mapema kwa nini unapiga magoti. Mimi nimeshatolewa nje mara mbili.