Kioo kwenye mlango wa jiko la kuni: mafundi tunajibu

Shikamoo mafundi. Nimebakiwa na kioo cha dirisha cha milimita 5. Kitafaa kwenye mlango wa tanuri langu la mikate? (Makorora, Tanga)

Marahaba. Hakifai. Kioo cha dirisha hakisubiri hata moto mkali; sehemu moja ikizidi nyingine kwa nyuzi joto 40 hivi, kinapasuka. Kioo cha tempa, kama cha mlango wa oveni ya umeme, kinavumilia zaidi, lakini kuanzia nyuzi 250 hivi ugumu wake huanza kuisha, na ukijaribu kukikata kinamwagika chote chembechembe. Tafuta kioo cha seramiki cha milimita 4, ambacho huhimili karibu nyuzi 700. Borosilikati, kioo kama cha vyombo vya maabara, huishia kwenye 450 hivi, kwa hiyo ifungwe mbali na ndimi za moto. Tundu likiwa dogo tu la kuchungulia mkate, hata mika, yale madini ya matabaka membamba yanayopitisha mwanga, inatosha, ila huchunika na kufifia.

Nimenunua kioo cha seramiki kwa bei mbaya, fundi akakifunga, moto wa kwanza tu kona imepasuka. Nimeuziwa feki? (Lushoto)

Pole. Tungeanza kukagua ufungaji kabla ya kumlaumu muuzaji. Seramiki karibu haitanuki kabisa, ila chuma kinatanuka: fremu ya sentimita 30 ikipanda nyuzi 300 hurefuka kama milimita 1. Kioo kikibanwa chuma kwa chuma, fremu hukivuta, na bamba likijipinda kidogo tu mzigo wote unaangukia kona moja.

Fanya hivi. Tundu la mlango likiwa milimita 200 kwa 150, kata kioo cha 230 kwa 180, kilalie chuma milimita 15 kila upande. Boliti za M6 (unene wa milimita 6) zipite nje ya kioo, na pembeni ubaki mwanya wa milimita 3 pande zote. Uchomeleaji wote uishe kabla kioo hakijagusa mlango, maana cheche hukitoboatoboa. Kisha weka rula juu ya fremu: ukiona mwanga chini yake, piga grainda mpaka iwe bapa. Tandika mkanda wa faibaglasi, laza kioo, mkanda mwingine juu, halafu vipande vya flatibari (chuma bapa). Kaza nati kwa vidole mpaka mkanda ushikwe, ongeza robo mzunguko kwa spana, basi. Ukisukuma kioo kwa dole gumba kinapaswa kusogea kidogo sana. Hapa ndipo mafundi wengi wanapokosea, wanakaza kama wanafunga tairi la lori.

Silikoni nyekundu ya injini isikudanganye, huungua kwenye nyuzi 300 hivi. Kamba kuukuu za asbesto usiziguse kabisa. Vumbi lake huleta saratani. Moto wa kwanza uwe mdogo, jiko lipoe lenyewe, ndipo ukague nati.

Kioo changu kinakuwa cheusi ndani ya saa moja. (Pangani)

Kuni zako ni mbichi, au unabana hewa mno. Zipasue, uzianike chini ya paa miezi sita au zaidi. Halafu acha mwanya wa milimita 3 juu ya kioo, upana wake wote, hewa iingie na kushuka ikikiambaa. Moshi utasukumwa mbali. Masizi yaliyokwishaganda yasugue jiko likiwa limepoa, kwa gazeti bichi lililochovywa kwenye jivu laini lililochekechwa. Stili waya inakwaruza. Na yale magogo ya kuokota ufukweni yaache hukohuko: chumvi yake inakula chuma.

Jiko langu ni pipa la mafuta. Naweza kukata dirisha kwenye bati lake lenyewe? (Ngamiani)

Hapana, bati la pipa ni jembamba, litajipinda na kuondoka na kioo. Chomelea mlango wa bamba la milimita 5. Na kabla ya kukata pipa lolote lioshe kabisa kwa maji ya moto na sabuni, kisha lijaze maji hadi karibu na mstari wa kukatia; mvuke wa mafuta uliobaki ndani hulipuka kwa cheche moja ya grainda.