Shahada ukutani, dola 18 kwa saa: maswali yenu kuhusu kazi za gemu

Tangu nitaje hapa kwamba niliwahi kuajiriwa kujaribu magemu, barua zimekuwa haziishi. Wengi mnauliza jambo lile lile: inakuwaje mtu asome miaka minne, apate kazi kwenye kampuni ambayo magemu yake yanachezwa dunia nzima, halafu mshahara wa kuanzia uishie kwenye kodi ya nyumba? Nimechagua barua chache. Majina nimeyaacha.

"Shikamoo mjomba. Nimemaliza shahada ya kompyuta mwezi Mei. Wakala wa ajira amenipatia kazi ya kujaribu gemu: dola 18 kwa saa, mkataba wa miezi 11, bila bima ya afya. Binamu yangu ambaye hakwenda chuo anapakia mizigo ghalani na ananizidi. Nikubali?" — Mhitimu, Houston

Marahaba, mwanangu. Hesabu kwanza. Dola 18 mara saa 40 ni 720 kwa wiki. Wengi huzidisha kwa wiki 52 wakafurahi. Wewe zidisha kwa 48, maana mkataba wako hauendi zaidi ya hapo: dola 34,560 kabla ya kodi, na bima ni juu yako.

Sasa kuhusu binamu. Studio ya gemu ina milango miwili. Wa mbele wanapita waandishi wa programu, wachoraji na wabunifu. Wa nyuma wanapita wajaribu, watu wa QA, wanaocheza kipande kimoja cha gemu mara mia mbili ili waone kinapoharibika. Mlango wa nyuma haudai shahada, kwa hiyo hata ukiingia nayo begani hakuna anayeiona. Ghala likikosa wapakiaji linapandisha malipo. Studio ikitaka wajaribu kumi, wanajitokeza vijana wengi kuliko nafasi, na kati yao wapo ambao wangekubali hata dola 14 kwa sababu wamelipenda gemu hilo tangu wakiwa na meno ya utoto. Mshahara wako umepangwa kwa kuitazama foleni iliyo nyuma yako. Cheti chako hakikuwemo kwenye hesabu.

Na hiyo miezi 11 ina asili yake. Miaka ya tisini Microsoft ilikuwa na vibarua waliokaa miaka mingi wakifanya kazi zile zile za waajiriwa, bila stahiki za waajiriwa. Walishtaki, na kesi ikaisha mwaka 2000 kwa malipo ya dola milioni 97. Ungetarajia funzo liwe "waajirini watu wenu". Funzo lililoshika katika sekta nzima ni "msiwaache wakae hadi wazoeleke". Mwaka 2014 Microsoft yenyewe iliweka utaratibu kwamba kibarua akifikisha miezi 18, akae nje miezi sita ndipo arudi.

Mlango huo wa nyuma umetikiswa kidogo, na waliotikisa ni wajaribu wenyewe. Desemba 2021, studio ya Raven huko Wisconsin, inayoshughulikia gemu la Call of Duty, iliwaambia wajaribu 12 kwamba mikataba yao haiendelei. Wenzao wakaweka zana chini. Aprili 2022 kampuni mama, Activision Blizzard, ikatangaza kuwaajiri moja kwa moja wajaribu wapatao 1,100 na kuwalipa angalau dola 20 kwa saa. Wa Raven wakaachwa nje ya nyongeza hiyo: kampuni ikasema sheria inaizuia kwa kuwa wako katikati ya mchakato wa kuunda chama cha wafanyakazi, wao wakasema wanaadhibiwa. Mwezi Mei wakapiga kura, 19 kwa 3, wakapata chama chao.

Kwa hiyo kwenye usaili uliza swali moja: mwaka jana wangapi wa mkataba kama huu waliajiriwa moja kwa moja? Ukijibiwa kwa idadi, endelea kusikiliza. Ukijibiwa "inategemea bidii", umeshajibiwa. Kama una pa kulala na huna ofa nyingine, nenda, lakini endelea kuomba kazi za programu tangu wiki ya kwanza, na ukiwa humo ndani andika vijiprogramu vinavyojaribu gemu vyenyewe. Hicho ndicho kitu pekee katika idara ile ambacho mwajiri wa nje ya magemu naye atakilipia.

"Kaka, mimi ni mchoraji wa wahusika, mwaka wangu wa kwanza, dola 52,000. Tangu Agosti tunatoka saa nne usiku, Jumamosi tupo. Ovataimu hakuna, wanasema mimi ni wa mshahara. Ni halali?" — Mchoraji, Dallas

Dola 52,000 ni elfu moja kwa wiki. Kwa saa 40 ni dola 25 kwa saa. Kwa saa 60 ni dola 16 na senti 67. Andika hiyo namba ya pili kwenye karatasi uibandike jikoni, maana ndiyo mshahara wako halisi.

Uhalali sasa. Sheria ya shirikisho ya Marekani inamruhusu mwajiri kutolipa ovataimu kwa mtu wa mshahara anayepata angalau dola 684 kwa wiki, lakini kiwango peke yake hakitoshi. Kazi yenyewe lazima iwe ya aina inayosamehewa, na kwa wasanii hiyo ni kazi inayodai ubunifu wao wenyewe. Anayechora joka kutoka kichwani mwake ni mmoja. Anayepaka rangi magamba ya joka lililochorwa na mwingine, kwa kufuata mwongozo, ni mwingine kabisa, na huyo wa pili ana hoja. Texas inafuata kiwango hicho cha shirikisho. Ungekuwa California mwaka 2025, kwa mshahara huo huo ungestahili ovataimu bila mjadala, kwa sababu mwaka huo kule mtu hakuweza kusamehewa akiwa chini ya dola 68,640.

Usidhani ni kesi ya kufikirika. Mwaka 2004 mchumba wa mfanyakazi wa kampuni ya magemu ya Electronic Arts aliandika waraka kwenye intaneti bila kutaja jina lake, akieleza jinsi mwenziwe anavyorudi nyumbani kama maiti. Baadaye ikajulikana ni Erin Hoffman. Wachoraji wa kampuni hiyo walishtaki, wakalipwa dola milioni 15.6 mwaka 2005, na waandishi wa programu wakapata milioni 14.9 mwaka uliofuata. Lakini kipande ninachokipenda ni hiki: wafanyakazi wa ngazi ya chini walihamishwa kutoka mshahara wa mwezi kwenda malipo ya saa, ili ovataimu ihesabike. Kwa hiyo ukiambiwa "wa mshahara" kana kwamba umepandishwa cheo, usikimbilie kushukuru.

Weka kumbukumbu ya saa zako, kwenye simu yako, siyo kwenye kompyuta ya ofisi. Kisha mwone mwanasheria wa kazi. Wengi hawatozi kikao cha kwanza.

"Mwanangu ana miaka 17 na amekubaliwa na chuo binafsi cha kutengeneza gemu. Ada na malazi kwa miaka minne inazidi dola laki moja na nusu. Mimi ni muuguzi msaidizi, baba yake ni dereva. Anasema asipokwenda huko maisha yake yamekwisha." — Mama, Columbus, Ohio

Dada yangu, maisha yake hayajakwisha, ana miaka 17.

Tazama mkopo unavyokaa. Serikali ya shirikisho humkopesha mwanafunzi anayetegemea wazazi dola 31,000 tu kwa shahada nzima ya kwanza. Kinachobaki hapo juu hakisainiwi na yeye peke yake. Unasaini wewe, au baba yake. Na kazi atakayoipata ndiyo hiyo uliyoisoma kwenye barua mbili zilizotangulia.

Sisemi vyuo hivyo ni vibaya. Vipo vilivyotoa watu hodari sana. Nasema jina la shahada lina uzito. Aliyesoma sayansi ya kompyuta katika chuo cha jimbo anaweza kuandika gemu, na studio ikimpa ofa ndogo anaweza kwenda benki, hospitali au kampuni ya bima akaandika programu huko. Mwajiri wa gemu analijua hilo, na ndiyo maana humpa mwandishi wa programu zaidi kuliko mbunifu wa hatua za gemu ambaye hana kwingine pa kwenda. Mwambie kijana asome kompyuta chuo cha jimbo, na magemu ayatengeneze usiku na wenzake. Studio zikimwita zitataka kuona alichotengeneza kinachezeka. Akikasirika, mpe wiki mbili. Mtoto anayependa gemu anaelewa hesabu kuliko tunavyodhani.

"Assalaam aleikum. Nimetoka Zanzibar, nimemaliza masomo ya gemu Dundee. Studio ndogo inanitaka kwa pauni 25,000. Kuna njia ya kubaki?" — Msomaji, Uskoti

Waaleikum salaam. Umesoma mji wenyewe: chuo cha Abertay kilianza kufundisha shahada ya gemu mwaka 1997, na mwaka huo huo studio ya DMA Design, ya hapo hapo Dundee, ilitoa gemu la Grand Theft Auto.

Jibu lako lakini ni gumu. Kima cha chini cha Uingereza kuanzia Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa, ambayo kwa saa 37.5 kwa wiki ilifika karibu pauni 23,800 kwa mwaka. Ofa yako imekizidi kima hicho kwa pauni 1,200 hivi. Visa ya mfanyakazi mwenye ujuzi, kwa aliyeanza kazi karibuni, tangu Julai 2025 inadai angalau pauni 33,400, au asilimia 70 ya mshahara wa kawaida wa fani hiyo, chochote kilicho kikubwa. Unapungukiwa zaidi ya pauni 8,000, na studio ndogo haitaziongeza kwa ajili ya mgeni.

Unachoweza ni visa ya wahitimu, miaka miwili, isiyouliza mshahara. Iombe ukiwa ungali ndani ya nchi, kabla ya visa ya masomo kuisha. Itakayoombwa kuanzia Januari 2027 itakuwa ya miezi 18 tu. Ila angalia mtego: punguzo la "aliyeanza karibuni" lina ukomo wa miaka minne, na miaka yako ya visa ya wahitimu inahesabiwa humo humo. Chukua hiyo kazi ya 25,000 kama shule, na hakikisha kabla mwaka wa pili haujaisha umeshahamia panapofika kiwango.

"Kampuni hizi kweli hazina hela?" — Bila jina

Zinazo. Wachezaji duniani hutumia zaidi ya dola bilioni 180 kwa mwaka. Microsoft ilinunua Activision Blizzard kwa dola bilioni 68.7, ununuzi ukakamilika Oktoba 2023, na Januari 2024 ikawaondoa watu 1,900 wa kitengo chake cha magemu. Mwezi uliofuata Sony ikaondoa karibu 900 na kutangaza kuifunga studio yake ya London. Wengi wa hao walirudi kwenye foleni ile ile ya mhitimu wa Houston, baadhi wakiwa na uzoefu wa miaka mingi. Nafasi ya "anayeanza" leo inaombwa na mtu aliyeshatoa magemu matano.

"Nikiwauliza wenzangu wanalipwa ngapi naogopa kufukuzwa." — Msomaji, Denver

Sheria ya mahusiano ya kazi ya Marekani, ya mwaka 1935, inawalinda wafanyakazi wanaozungumzia mishahara yao, mradi wewe si msimamizi. Mwaka 2020 wafanyakazi wa Blizzard walianzisha jedwali wakajaza mishahara yao bila majina, na pengo lililoonekana likafika kwenye magazeti. Wewe uko Colorado, hivyo una bahati ya ziada: tangu 2021 tangazo la kazi lazima litaje kiwango cha malipo. Fungua tangazo la nafasi yako mwenyewe uone mgeni ajaye ameahidiwa ngapi. Watu huumia sana siku hiyo.

"Niko Nairobi. Nisubiri kazi za nje au nitengeneze langu?" — Programa

Tengeneza, lakini usiache kazi ya mchana. Godot, programu ya kutengenezea magemu, haina malipo. Kuliweka gemu kwenye Steam, duka la magemu la mtandaoni, ni dola 100, nao hukata asilimia 30 ya mauzo. Hapo Nairobi Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi mwaka 2007, wakati vifaa vya bure havikuwa hivi vya leo, na baadaye akashiriki kuanzisha studio ya Leti Arts. Kinachoua wengi ni ukubwa wa ndoto. Anza na gemu la dakika kumi, ulimalize.

"Na wewe mjomba ulilipwa ngapi?" — Mpwa asiye na adabu, Toronto

Dola 11 kwa saa, kupitia wakala, miezi tisa. Kazi yangu ilikuwa kutembea kando ya kuta nikizisukuma, kuona kama mchezaji anaweza kupenya akaanguka nje ya dunia. Ukuta mmoja wa ghorofa ya tatu ulipenyeka. Niliripoti, wakaurekebisha. Gemu lilipotoka nilinunua nakala kwa hela yangu, nikasubiri majina ya mwishoni yapite yote. La kwangu halikuwemo, wala la mwenzangu yeyote wa mkataba. Wanangu bado wanalo hilo gemu, na mdogo akifika ghorofa ya tatu huwa ananiita nije kuuona ukuta wangu.