Kumfuata mkongwe: Mwanza, Musoma, Bukoba

Ndugu, umeuliza mtamfuataje mwanamuziki wenu mkongwe kwenye maonyesho yake kiangazi hiki kutoka Mwanza hadi Musoma, kisha Bukoba. Kosa kubwa ni kukata tiketi ya basi la alfajiri baada ya onyesho. Vijana wa bendi hupasha ukumbi kwanza. Mkongwe mwenyewe mara nyingi hupanda jukwaani usiku wa manane, na nyimbo zake za zamani ndizo huja mwishoni. Kateni ya mchana. Basi la Musoma pandieni stendi ya Nyamhongolo, si ya Nyegezi. Kwenda Bukoba rudini Mwanza mpande meli: ni safari ya usiku kucha kupitia Kemondo, mnalala humo humo melini. Mkienda Bukoba kwa barabara, Daraja la Kigongo–Busisi la kilomita 3 lilifunguliwa Juni 2025, foleni ya kivuko imekwisha. Bebeni sweta, upepo wa ziwa usiku ni mkali.