Kibali cha kuishi hakitoshi Olimpiki
Je, jozi ya kuteleza kwenye barafu inaweza kushiriki Olimpiki ikiwa mmoja wao ana kibali tu cha kuishi katika nchi wanayoiwakilisha? Hapana, kibali hicho hakitoshi. Olimpiki inataka wote wawili wawe raia wa nchi wanayoiwakilisha. Soma kanuni ya 41 ya Mkataba wa Olimpiki. Kinachochanganya watu ni kwamba mashindano ya dunia ya mchezo huo hukubali jozi ambayo mmoja tu ndiye raia.

Mtazame Bruno Massot, Mfaransa. Aliiwakilisha Ujerumani kwenye mashindano ya dunia pamoja na Aljona Savchenko, mzaliwa wa Ukraine, kabla hajawa Mjerumani. Uraia aliupata mwishoni mwa 2017, baada ya kuhangaika sana na mtihani wa Kijerumani, na Februari 2018 wakachukua dhahabu kwenye Olimpiki ya Pyeongchang, Korea Kusini. Angechelewa kidogo tu, Savchenko naye angebaki nyumbani, na hilo lingeniuma.

Tena, aliyekwisha kuiwakilisha nchi ya kwanza husubiri miaka 3 tangu mara ya mwisho, ila muda huo unaweza kupunguzwa au kufutwa pande zinazohusika zikikubaliana.

Sisi Uganda tumeyaona haya kwa karibu. Winfred Yavi aliyempita Peruth Chemutai wetu mita za mwisho za mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Olimpiki ya Paris 2024, ni mzaliwa wa Kenya, lakini alikimbia kama raia wa Bahrain. Usiku ule pale kibandani tulipotazamia, mzee mmoja alisimama akauliza, "Huyu si binti wa jirani?" Riadha ina taratibu zake za kuhama, ila sharti la uraia Olimpiki ni lilelile.