Maswali ya Wafugaji: Nianze na Uzio au na Kibanio?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimestaafu na nina shamba la ekari 20 wilayani Handeni, ambako ninatarajia kufuga mitamba wanane wa ng'ombe aina ya Borani na dume mmoja. Fedha nilizoweka akiba zinaelekea kuishia kwenye seng'enge ya kuzungushia shamba lote. Je, nianze na uzio, na vifaa gani vingine ni vya lazima?

JIBU: Ndugu msomaji, tunakushauri uanze na zizi imara lenye kibanio, yaani njia nyembamba ya kumbana ng'ombe anapohudumiwa, kisha uzungushie sehemu tu ya shamba. Ng'ombe wanaochungwa mchana na kulala zizini wanaweza kusubiri uzio wa shamba zima, lakini ng'ombe asiyeweza kubanwa hachanjwi, hapimwi mimba wala hatibiwi mpaka watu kadhaa wamwangushe kwa kamba, jambo ambalo Borani mwenye ndama hakubali kirahisi.

Katika kibanio, kipimo kinachoharibu kazi ya wengi ni upana. Sentimita 70 hivi kwa ndani zinamtosha ng'ombe mkubwa. Ukizidisha, mtamba atageuka humo humo na kutazama alikotoka. Urefu wa meta 6 hupokea ng'ombe wapatao wanne kwa foleni, na kimo cha meta moja na nusu au zaidi kidogo huwazuia kuruka. Msisitize fundi aweke nafasi ya kupitisha gogo la kukingama nyuma ya mapaja ya ng'ombe, kwa sababu bila hilo daktari anayepima mimba anabaki wazi kwa ng'ombe anayefuata nyuma. Sakafu ya zege ichorwe mifereji ikiwa bado mbichi, maana zege laini lililolowa mkojo ni hatari kuliko udongo. Ng'ombe huona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake kabisa, hivyo husita mbele ya kivuli, mtu aliyesimama njiani au koti lililotundikwa. Kuziba kando za kibanio kwa mbao husaidia kuliko kelele na fimbo.

Ama kuhusu uzio, fanya hesabu kwanza. Ekari 20 zenye umbo la mraba zina mzunguko wa meta 1,140 hivi, kwa hiyo nyuzi nne zitahitaji zaidi ya meta 4,500 za seng'enge, na nguzo zikiachana meta 3 zitafika 380. Ekari 5 zitahitaji nusu ya vifaa hivyo. Usibanie fedha kwenye nguzo za kona: ziwe nene, zimetiwa dawa ya mchwa na zimeegemezwa kwa mihimili, kwani ndizo zinazobeba mvuto wote wa waya, na zikilala uzio mzima hulegea. Minyaa ni uzio wa bei nafuu, ila utomvu wake huunguza macho, nasi hatungeipanda karibu na watoto. Ukitumia uzio wa umeme baadaye, usipitishe umeme kwenye seng'enge, kwa kuwa mnyama au mtu akinaswa na miiba hawezi kujinasua.

Mizani ya ng'ombe inaweza kusubiri. Nunua tepu ya kuzungushia kifua, ambayo hukadiria uzito vizuri kiasi cha kukuwezesha kupima dozi ya dawa ya minyoo.