Machozi ya mwenye keratokonasi yanaweza kueleza chanzo cha ugonjwa?

Dada uliyeanzisha uzi huu, umeeleza kwamba mwanao wa miaka 16 ameambiwa ana keratokonasi, yaani konea zake zimeanza kuchongoka kama pia, na kwamba ndugu yako aliye ng'ambo amekushauri utafute mahali pa kupima protini za machozi ili chanzo kijulikane kabla ya tiba kuanza. Ninajibu kwa sababu ugonjwa huo ninao mwenyewe tangu kidato cha tatu, na kazi yangu ni ya maabara ya hospitali, ingawa si maabara ya macho. Kwa ufupi, usisubiri kipimo hicho. Machozi kweli yana habari, ila si ile anayoitarajia ndugu yako.

Konea, kile kioo cha mbele cha jicho, ina unene wa karibu nusu milimita katikati na haina mishipa ya damu. Imelowana machozi saa zote, kwa hiyo yanayotokea kwenye tabaka lake la juu huacha alama humo. Mwaka 1922 Alexander Fleming, yule aliyekuja kugundua penisilini, alieleza kuhusu laisozaimu, kimeng'enya cha machozi kinachobomoa kuta za bakteria, na inajulikana kwamba alipohitaji machozi mengi aliwatilia wenzake maji ya limau machoni. Siku hizi mashine zimekwisha kutambua aina zaidi ya 1,500 za protini katika machozi, japo kwa uzito sehemu kubwa ni za aina chache tu, kama laisozaimu, laktoferini, lipokalini na kingamwili za IgA.

Ugumu unaanzia kwenye kuyachukua. Jicho moja hubeba kama mikrolita 7 tu kwa wakati mmoja, kiasi kidogo kuliko tone moja la dawa ya macho. Mchukuaji huyanyonya kwa kijirija chembamba cha kioo pembeni mwa kope la chini, na akiligusa jicho likashtuka, linamwaga machozi mapya mepesi yanayobadilisha vipimo vyote. Karatasi ya Schirmer ya kupimia wingi wa machozi, ile ya upana wa milimita 5 inayoachwa kopeni kwa dakika 5, nayo huliudhi jicho. Mimi nilipowekewa mara ya kwanza nililia kama mtu anayemenya vitunguu vya shughuli nzima. Mtu wa maabara akisoma tafiti hizi, swali lake la kwanza ni namna sampuli ilivyochukuliwa.

Pamoja na hayo, yaliyopatikana ni ya maana. Kwa miaka mingi vitabu vilisema keratokonasi ni ugonjwa usio na mchochota, yaani ule mwako wa mwili unapojihami. Mwaka 2005 watafiti wa Hispania walikuta katika machozi ya wagonjwa viwango vya juu vya interlukini-6 na TNF-alfa, ambazo ni protini za kuamsha mchochota, pamoja na MMP-9, kimeng'enya kimojawapo cha kundi linalomeng'enya nyuzi za kolajeni, protini inayoipa konea uimara, na vitu vinavyozishikilia. Baadaye waliwapima watu ambao jicho moja lilikuwa limeharibika na la pili likionekana karibu zima: zile protini mbili za mchochota zilikuwa juu katika macho yote mawili, lakini MMP-9 ilipanda katika jicho lililoharibika tu. Kwangu mimi hicho ndicho kidokezo kizuri kuliko vyote, kwa kuwa kinaashiria kwamba mchochota huenda hutangulia ubomoaji.

Jambo lililonigusa zaidi ni la mwaka 2013. Nchini Australia, watu 17 wenye macho mazima walifikicha macho yao kwa sekunde 60, na machozi yao yakapimwa kabla na baada ya hapo. Interlukini-6, TNF-alfa na kimeng'enya MMP-13 vilipanda kwa dakika hiyo moja tu. Mimi nilikuwa mtoto mwenye mzio wa macho, nikifikicha kwa vifundo vya vidole asubuhi na jioni mpaka nione nyota, na nyumbani iliaminika ni vumbi la njia ya shule. Nilibadilishiwa miwani mara nne ndani ya miaka mitatu bila mtu yeyote kunipiga ramani ya konea, ile picha inayoonyesha umbo lake.

Hata hivyo, kipimo cha machozi hakiwezi kumwambia mwanao kwa nini yeye ameugua. Protini hizohizo hupanda kwa mzio, kwa ukavu wa macho, na hata kwa kuvaa lenzi ngumu, ambazo wengi wetu tunazivaa kwa sababu ya ugonjwa wenyewe. Isitoshe, konea inayoharibika huweza kumwaga protini kama matokeo ya uharibifu, na sampuli moja haitenganishi kilichotangulia na kilichofuata. Urithi nao una nafasi yake, kwa hiyo ndugu zake wadogo wapimwe pia.

Kuna protini moja inayoelekea kwenye tiba. Kimeng'enya kiitwacho laisili oksidesi hufunga nyuzi za kolajeni zishikane, na kwa wagonjwa wa keratokonasi kimekutwa kimepungua. Tiba iliyoanzishwa Dresden, Ujerumani, na kuchapishwa mwaka 2003, huzifunga nyuzi hizo kwa njia nyingine: konea hulowekwa vitamini B2, kisha humulikwa kwa mwanga wa urujuanimno kwa dakika 30. Hairudishi umbo la zamani, bali huzuia lisiharibike zaidi, na kwa utaratibu wa kawaida konea inatakiwa isipungue unene wa mikroni 400, yaani milimita 0.4. Jicho langu la kushoto lilifanyiwa nikiwa na miaka 24, nikaugulia siku mbili gizani. La kulia lilikuwa limekwisha kuwa jembamba mno. Ndiyo maana ninakusihi usiutumie mwaka mzima kutafuta chanzo, kwani katika umri wa mwanao konea hubadilika haraka.

Mpeleke kwa daktari wa macho, na kama ana mzio autibu ili hamu ya kufikicha iishe, na usimnunulie dukani matone yenye steroidi, kwa maana yakitumika kiholela huleta presha ya macho na mtoto wa jicho. Akiwashwa, aweke kitambaa cha maji baridi juu ya macho yaliyofumbwa, bila kukandamiza. Kisha siku ya kliniki omba nakala ya ramani ya konea na namba ya unene wa kila jicho, uulize lini itarudiwa, na ukipenda uziandike hapa tuzitazame pamoja na zile za miezi ijayo.